Je, Wajua? Ugonjwa Unaosafiri kwa Mkasi wa Bustani

Je, wajua kwamba kuna kuvu inayoweza kukivua kichaka majani yake yote ndani ya wiki mbili, huku mizizi ikibaki mizima ardhini? Kichaka chenyewe ni mbuksi, mti mfupi wa majani madogo, magumu, yenye kung'aa, yasiyopukutika kiangazi wala wakati wa baridi. Tangu enzi za Warumi watu wameukata kwa mkasi ukawa ukuta, tufe, piramidi, hata umbo la mnyama. Pliny Mdogo, Mrumi wa karne ya kwanza, aliandika barua akieleza jinsi mibuksi ya shamba lake la Tuscany ilivyochongwa sura za wanyama wanaotazamana. Katika karne ya 17 André Le Nôtre aliitumia kupamba bustani za Versailles kwa ajili ya Mfalme Louis wa 14. Ukitazama picha ya bustani ya kasri la Ufaransa, ile mistari mifupi ya kijani inayozungushia maua aghalabu ni mbuksi.

Mbao yake nayo ina sifa. Ni nzito kiasi kwamba kipande kibichi huzama majini, na nyuzi zake zimebanana hata mchongaji anaweza kuchora juu yake mstari mwembamba mno bila mbao kupasuka. Thomas Bewick wa Newcastle (1753–1828) alichonga picha za ndege na wanyama kwenye vipande vya mbuksi, na picha hizo ndizo zilizochapishwa katika vitabu vyake. Vitana, filimbi, rula na kete za sataranji vilitengenezwa kwa mti huohuo.

Ugonjwa unaoushambulia ni mgeni katika vitabu vya sayansi. Wakulima wa viazi na nyanya wanaijua bakajani. Hii ni bakajani ya mbuksi. Ilionekana kwanza katikati ya miaka ya 1990 katika kitalu kimoja cha Hampshire, kusini mwa Uingereza. Mwaka 1998 ikaonekana New Zealand, upande wa pili wa dunia. Mwaka 2002 makundi mawili ya wataalamu, kila moja kivyake, yaliitangaza kuvu hiyo, kila moja likaipa jina lake, na siku hizi inajulikana kama Calonectria pseudonaviculata. Nchi ya Georgia iliipata mwaka 2010, na mnamo Oktoba 2011 ikathibitishwa Marekani, katika majimbo ya Connecticut na North Carolina. Ulaya ina ndugu yake wa pili, Calonectria henricotiae, anayevumilia joto zaidi na anayezistahimili baadhi ya dawa. Jina la huyo wa pili limetokana na Béatrice Henricot, mtaalamu aliyeuchunguza ugonjwa huu nchini Uingereza tangu siku zake za mwanzo.

Je, wajua kwamba haibebwi na upepo?

Kutu ya ngano hurusha vijimbegu vyake hewani vikasafiri mamia ya kilomita. Bakajani ya mbuksi haiwezi. Vijimbegu vyake vimeshikana ndani ya ute unaonata, na upepo mkavu hauna nguvu ya kuving'oa. Vinahitaji tone la maji liangukie jani bovu, lipasuke, livirushe hadi jani la jirani. Hiyo ni safari ya hatua moja au mbili tu. Mvua yenye upepo huisogeza mbele kidogo zaidi, basi.

Sasa imevukaje bahari? Imebebwa na watu. Kila safari ndefu ya ugonjwa huu ina mkono wa mtu ndani yake: mche uliouzwa ukionekana mzima, mkasi uliotoka kukata ua wa jirani, buti zenye tope, jani lililonasa kwenye suruali, gurudumu la toroli. Mtunza bustani anayekata nyua za mtaa mzima kwa mkasi mmoja anaweza, kwa siku moja na bila kujua, kuufikisha mahali ambako ungechukua miaka kufika wenyewe. Kwangu mimi hapa ndipo penye uzito wa habari nzima. Adui asiyeweza kuruka ni adui anayezuilika langoni, na wingi wa bustani zilizopotea ulitokana na lango kuachwa wazi.

Hata Krismasi imehusika. Huko Marekani mashada ya kijani ya kutundika mlangoni hutengenezwa kwa matawi ya mbuksi, na kuna mashada yaliyokutwa na ugonjwa. Sikukuu ikipita, mwenye nyumba hulitupa shada kwenye rundo la takataka nyuma ya nyumba, pembeni mwa mibuksi yake hai. Ndiyo maana wataalamu wa kilimo huko husihi kwamba shada lililokwisha kazi lifungwe ndani ya mfuko na litupwe pamoja na taka za nyumbani, si kwenye mboji.

Je, wajua kwamba saa tano za unyevu zinatosha?

Magonjwa mengi ya kuvu husubiri jeraha, yaani tawi lililovunjika au jani lililotobolewa na mdudu. Hii haisubiri. Kijimbegu kikitua juu ya jani lenye maji, huota na kupenya chenyewe, mara nyingi kupitia vile vitundu vidogo vya kupumulia vilivyo upande wa chini wa jani. Jani likikaa na unyevu kwa saa tano au zaidi, na hali ya hewa ikiwa kati ya nyuzi 18 na 25 za Selsiasi, kazi imekwisha. Baada ya wiki moja hivi jani hilo linatoa vijimbegu vyake, na mzunguko unaanza upya. Joto likizidi nyuzi 30 kuvu hudumaa, kwa hiyo majira ya joto kali na ukavu huipa bustani nafuu. Nafuu hiyo humdanganya mwenye bustani. Mvua za vuli ya Ulaya zikirudi, ugonjwa nao unarudi.

Unarudi kutoka wapi? Chini. Majani yaliyoanguka hubeba vifundo vidogo vyeusi vya kuvu, vyenye ganda gumu, visivyoonekana kwa macho matupu. Vinaweza kuishi ndani ya majani yaliyooza kwa miaka mitano, pengine zaidi. Kwa hiyo anayeng'oa kichaka kilichokufa na kupanda kingine palepale bila kuyaondoa majani ya chini amekipeleka kichaka kipya mdomoni mwa ugonjwa.

Dalili zake zinatambulika ukijua pa kutazama. Mwanzo ni madoa ya mviringo, ya kahawia, yenye ukingo mweusi. Kisha majani hupukutika kwa kasi, kwa kawaida kuanzia chini ya kichaka kwenda juu. Dalili inayoaminika zaidi ni michirizi myeusi kwenye vijitawi vya kijani. Mbuksi hupatwa na kuvu nyingine inayoitwa Volutella, ambayo ni dhaifu na hupendelea mti uliojeruhiwa. Yenyewe huotesha vijimbegu vya rangi ya waridi chini ya jani, na majani yaliyokufa hubaki yameng'ang'ania tawi kwa muda mrefu. Bakajani huotesha manyoya meupe, na majani huanguka. Mwenye shaka anaweza kuchukua majani machache, akayaweka kwenye mfuko wa plastiki pamoja na karatasi ya shashi iliyoloweshwa, akaufunga na kuuacha ndani ya nyumba siku chache. Manyoya meupe yakiota upande wa chini wa majani, kuna sababu ya kuyapeleka kwa mtaalamu yakiwa yamefungwa humohumo mfukoni. Kama majani yametafunwa na kuna nyuzi nyembamba za utando kati ya matawi, mkosaji si kuvu bali ni kiwavi, ambaye habari zake zinafuata.

Je, wajua kwamba kuna nchi ambako Jumapili ya Matawi ni siku ya mbuksi?

Waumini wa Pwani yetu hubeba makuti. Nchi za kaskazini hazina minazi, hivyo Wakristo wengi wa Ufaransa na Ujerumani wamezoea kubeba vijitawi vya mbuksi vikabarikiwe kanisani. Nchini Georgia, mashariki mwa Bahari Nyeusi, desturi hiyo imeota mizizi hata Jumapili hiyo inaitwa Bzoba, kwa jina la mti wenyewe. Waumini hupeleka vijitawi vilivyobarikiwa nyumbani na kuvihifadhi.

Huko mbuksi si pambo la kupandwa tu. Unaota wenyewe porini, katika misitu ya kale ya Colchis yenye unyevu na ukungu, chini ya kivuli cha miti mikubwa, mashina yake yakiwa yamefunikwa na kuvumwani. Hukua polepole sana, kwa hiyo shina lisilozidi unene wa mkono linaweza kuwa na umri mkubwa kuliko mtu yeyote aliye hai. Bakajani ilipoingia, ilikuta kila inachokitaka: unyevu, kivuli, hali ya hewa isiyo ya joto kali, na miti iliyosongamana ambayo haijawahi kukutana nayo. Mwaka 2012 ugonjwa huo ukaripotiwa Iran, katika misitu ya Hyrcania kusini mwa Bahari ya Kaspi, ambako nako mbuksi wa porini umeota tangu kale.

Juu ya msiba huo ukaja wa pili. Kuna nondo mwenye asili ya Asia Mashariki, Cydalima perspectalis, ambaye kiwavi wake hula majani ya mbuksi na yakiisha hutafuna maganda. Alionekana Ulaya mara ya kwanza mwaka 2007, nchini Ujerumani. Mwaka 2012 aliingia Sochi, Urusi, pamoja na mibuksi ya mapambo iliyoagizwa kutoka Italia kupamba mji kwa ajili ya Olimpiki ya Majira ya Baridi ya 2014. Ndani ya miaka michache msitu wa hifadhi wa Khosta, hukohuko Sochi, uliosifika kwa mibuksi yake ya kale, ukabaki vijiti. Nondo akavuka hadi Abkhazia na Georgia na kumalizia kile kuvu ilichokibakiza. Michezo ilidumu siku 17. Inaniuma kila ninapowaza kwamba mlango wa maangamizi hayo ulikuwa shehena ya mapambo, na kwamba ukaguzi wa makini bandarini ungeweza kuyazuia. Leo mbuksi wa Colchis umo katika Orodha Nyekundu ya Georgia ya mimea iliyo hatarini.

Je, wajua kwamba dawa inaweza kuusaidia ugonjwa kusafiri?

Dawa za ukungu zenye viambato kama klorothalonili au tebukonazoli hulinda jani zima lisiambukizwe. Haziliponyi jani lililokwisha kuingiliwa. Mara nyingi huizuia tu kuvu isikue kwa wiki kadhaa, na nguvu ya dawa ikiisha kuvu inaendelea ilipoachia. Fikiri basi kuhusu kitalu kinachopulizia dawa kila baada ya wiki mbili. Mche ulioambukizwa unatoka hapo ukiwa wa kijani kitupu, unauzwa, unapandwa, na mwezi mmoja baadaye unaanza kupukutika katikati ya ua wenye afya. Mnunuzi hana namna ya kuona kilichofichwa.

Kwa hiyo ushauri wa kwanza wa wataalamu hauna dawa ndani yake. Miche mipya ikae peke yake mbali na mibuksi mingine kwa muda wa kutosha, wiki kadhaa, bila kupuliziwa chochote, ili kama ina ugonjwa uonekane. Ni ushauri wa uvumilivu, na watu wengi hawaupendi, maana mche ukishanunuliwa mkono unawasha kuupanda.

Baada ya hapo vita yote ni dhidi ya maji yanayokaa juu ya jani. Kumwagilia kwa kurusha maji hewani, hasa jioni, ni kuikaribisha kuvu ilale usiku kucha mahali penye unyevu. Maji yapelekwe kwenye shina, kwa mpira au kwa matone, asubuhi. Vichaka vipewe nafasi hewa ipite kati yao. Na hapa mtindo wa kale wa bustani za Ulaya unageuka kuwa hasara: ua unaokatwa mara nyingi hadi ukawa laini na mnene kama ukuta hauruhusu hewa kupenya, na ndani yake jani haliwahi kukauka. Wenye busara wanapunguza matawi ya ndani kwa mkono, ua ukawa mwepesi kidogo, usiopendeza sana kwa picha lakini ulio hai. Kukata kufanywe siku kavu tu, jani likiwa kavu, na mkasi upanguswe kwa spiriti ya asilimia 70 kabla ya kuhamia kichaka kingine. Maji ya klorini nayo huua kuvu, lakini hula chuma, hivyo mkasi usuuzwe na kupakwa mafuta baadaye.

Matandazo yana kazi kubwa kuliko sura yake. Tabaka la vipande vya mbao au maganda ya miti, lenye kina cha sentimita tano hivi, hufunika majani mabovu yaliyoanguka, na tone la mvua likishuka halirushi tena vijimbegu juu. Katika jimbo la Virginia, Marekani, watafiti wameonyesha kwamba matandazo yanapunguza sana maambukizi katika bustani iliyokwisha kuingiliwa. Hakuna kifaa cha bei ndogo kuliko hiki.

Kichaka kilichougua sana king'olewe chote, kifungwe ndani ya mfuko kingali bustanini ili majani yasidondoke njiani, kisha kichomwe au kizikwe kwa kina pale ambapo sheria inaruhusu. Udongo wa juu wenye majani uondolewe pamoja nacho. Mashine ya kupuliza majani isiguswe hapo kabisa, kwani hufanya kile ambacho upepo wenyewe umeshindwa.

Si kila mbuksi unaugua sawa. Ule mfupi wa kale unaoitwa 'Suffruticosa', uliopendwa na bustani za Uingereza na zile za zamani za Virginia, ni dhaifu kuliko yote. Mibuksi ya jamii ya Buxus microphylla kutoka Asia hustahimili zaidi. Huko Ubelgiji na Marekani wazalishaji wamechanganya jamii hizo na kutoa aina mpya zenye ukinzani mkubwa, kazi iliyochukua miaka mingi kwa sababu mti wenyewe hauna haraka. Wengine wamebadili mti kabisa. Kasri la Het Loo huko Uholanzi liling'oa mibuksi ya bustani yake na kupanda Ilex crenata, mti wa Japani wenye majani yanayofanana sana na ya mbuksi. Mtembeaji wa kawaida hatambui tofauti. Lakini mti huo nao una maradhi yake ya mizizi, hasa kwenye udongo unaotuamisha maji, kwa hiyo aliyehama mti hajahama uangalizi.

Je, wajua kwamba si kila kinachoitwa ukungu ni kuvu? Kiumbe kinachoua vichaka vya rododendroni na mialoni ya California, Phytophthora ramorum, kiko karibu zaidi na mwani wa kahawia wa baharini kuliko na kuvu. Ndiyo sababu dawa nyingi za ukungu hazikitikisi. Ndugu yake, yule wa bakajani ya viazi, ndiye aliyeleta njaa ya viazi Ireland katika miaka ya 1840, na ndiye huyohuyo anayeozesha viazi vya Njombe na Nyandarua hadi leo.

Je, wajua kwamba mbuksi una ndugu katika misitu yetu? Buxus obtusifolia huota porini katika misitu ya pwani ya Kenya na Tanzania, na Buxus hildebrandtii huota Somalia, Ethiopia na kisiwa cha Sokotra. Hii si mimea ya mapambo, na wapita njia wengi huikanyaga kivuli bila kuijua. Kwa ajili yake pekee ingefaa mbuksi wa Ulaya usiingizwe kiholela kwa bustani za hoteli, na hasa katika nyanda kama Limuru na Lushoto, ambako unyevu na hali ya hewa ya wastani ndivyo hasa kuvu hii inavyovipenda. Anayetaka ua wa kukata kwa mkasi anao mhina, duranta na kayaba, mimea iliyokwisha kuzoea hapa.

Kuna kichaka kingine cha kijani cha kudumu kinachotuhusu zaidi, nacho ni chai. Kuvu iitwayo Exobasidium vexans, yenye kuotesha malengelenge kwenye jani changa, ilirekodiwa Assam, India, katika karne ya 19. Mwaka 1946 ilifika Sri Lanka na kusini mwa India. Sri Lanka yenyewe iligeukia chai kwa sababu kutu ya kahawa, iliyogunduliwa huko mwaka 1869, iliyafuta mashamba yake ya kahawa. Kuvu moja iliipeleka nchi kwenye chai, na nyingine ikaifuata hukohuko. Malengelenge hayo hushambulia jani lilelile linalochumwa, lile changa la juu, na wakulima wa Sri Lanka walilazimika kupulizia dawa za shaba ili waokoe mavuno. Tofauti na bakajani ya mbuksi, vijimbegu vyake hubebwa na upepo, ingawa jua kali huviua.

Chai ya Kericho, Rungwe, Mufindi na Usambara haijawahi kuuona ugonjwa huo. Afrika nzima haijauona. Bahari ya Hindi imekuwa ngome, na ngome hiyo inavukwa na kitu kimoja tu: kijitawi kibichi kilichofichwa kwenye begi la mtu aliyevutiwa na aina nzuri ya chai ugenini. Kwa upande wa Kenya, mimea kutoka nje husimamiwa na KEPHIS, yenye kituo cha karantini Muguga, na kwa upande wa Tanzania kazi hiyo ni ya TPHPA. Anayetaka kuleta mche, uwe wa chai au wa mapambo, anapaswa kuomba kibali kabla mche haujaondoka uliko, na uje na cheti cha afya ya mimea kutoka nchi ulikotoka.